Miaka 9 nashika daftari la kikundi cha kufa na kuzikana: mtaji wa watu tunauandika vibaya

Mwalimu_Daftari:

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome wikiendi, ila naomba tusichangie kwa kusoma kichwa cha habari tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, naishi Chanika. Tangu 2016 ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Tulianza kaya 38 leo tuko 61. Kiingilio 20,000, ada 3,000 kwa mwezi, msiba ukitokea kila kaya inaongeza 5,000. Tuna maturubai mawili, viti 100, majamvi na masufuria makubwa sita. Kwa wanaoishi mitaa ya hivi hiyo ni hali ya kawaida kabisa.

Nataka kuongelea kitu wasomi wanaita mtaji wa kijamii, yaani ule utajiri ambao haupo benki wala kiwanjani, upo kwenye watu unaojuana nao, wanaokuamini na wewe unawaamini. Chuoni nilikisoma nikafaulu mtihani nikasahau. Kilichonifundisha upya ni daftari.

2019 kulikua na mama mmoja mwanachama wetu, anauza vitumbua na chai asubuhi stendi. Biashara ikayumba, mtoto akawa anaumwa, akawa na deni la ada miezi minne. Katiba yetu ilikua inasema miezi mitatu bila kulipa uanachama unasimama. Nikamuandikia barua, hakujibu, kikao kikapitisha, na mimi kwa mkono wangu nikachukua kalamu nyekundu nikampiga mstari. Roho iliniuma ila nikajiambia utaratibu ni utaratibu, tukimuachia huyu kesho watakuja kumi.

Wiki saba baadae yule mtoto akafariki.

Tukaitana usiku uleule. Mwenyekiti akasema katiba ni katiba. Wapo waliobisha, mimi sikubisha, nilikaa kimya na daftari mapajani. Kwaiyo turubai halikutoka, viti havikutoka, masufuria yalibaki stoo. Msikiti wa jirani ndo uliotoa turubai na wamama wakaja na masufuria ya majumbani kwao. Nilienda kukaa mkekani kama jirani tu, nikawa nageuza macho kuangalia nani kaja. Waliokua jikoni wanamenya viazi na kukosha vyombo ni walewale ambao kwenye daftari langu wana madeni. Wale wenye tiki zote kuanzia januari mpaka desemba, wengi walituma rambirambi kwa simu, elfu tano, elfu kumi, na wengine walipita dakika kumi wameacha gari linaunguruma.

Usiku sikulala. Nikafungua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, msiba mmoja baada ya mwingine, nikawa najaribu kukumbuka kila msiba nani alipika, nani aliteka maji, nani alilala na mfiwa siku tatu. Misiba 23. Yule mama nilimkumbuka kwenye misiba 22, na huo mmoja aliokosa alikua amejifungua. Baba yangu mkwe alipofariki kwangu ndo alikua wa kwanza kuwasha moto alfajiri, tena siku hiyo hakwenda stendi kuuza, maana yake alitoa kipato cha siku nzima ambacho ni zaidi ya ile ada ya mwezi tuliyokua tunamdai.

Na hakuna sehemu hata moja kwenye daftari langu panapoonyesha hayo, kwa sababu daftari lina safu ya jina, safu ya ada, safu ya mchango wa msiba na safu ya deni. Safu ya mikono haipo. Miaka mitatu nilikua naandika hela ya watu nikidhani naandika mtaji wa kikundi, kumbe mtaji wenyewe ulikua unapita mbele ya macho yangu umebeba ndoo ya maji.

Baada ya hapo nikarudi kwenye vitabu kwa uchungu kabisa. Kuna utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania, Deepa Narayan na Lant Pritchett, 1995, walizunguka vijijini wakauliza watu mko kwenye vikundi gani, kanisa, msikiti, chama cha siasa, chama cha mazishi, kikundi cha wanawake, alafu wakalinganisha na matumizi ya kaya. Walichokuta ni kwamba kijiji chenye vikundi vingi na vilivyo hai watu wake wana hali bora, na la ajabu zaidi faida ile iko kwenye kijiji kizima sio kwa yule mwanachama peke yake. Yaani ata jirani ambaye hayumo kwenye kikundi chochote anafaidika kwa kuishi katikati ya watu wanaoaminiana. Hapo ndo nikaelewa kwamba mtaji huu hauna hatimiliki ya mtu mmoja. Upo katikati yetu, mmoja akiondolewa kwa nguvu unapungua kwa wote.

Na kuna kijiji kimoja Bukoba vijijini kinaitwa Nyakatoke, kaya 119 tu, mtafiti anaitwa Joachim De Weerdt alifanya kitu ambacho sijaona kimefanywa kwingine hapa kwetu, kaya zote ziliulizwa, sio sampuli, kila mtu mzima aseme ukipata shida unamtegemea nani na nani anakutegemea wewe. Wakachora ule mtandao wa kijiji kizima. Sisi wote tulikua tunaamini maskini hana hela ila ana watu. Kule walikuta kaya maskini zina mtandao mwembamba kuliko za wenye uwezo. Maskini hana hela na ata watu wanakua wachache. Nilipousoma ule mstari nilimuona mama wa vitumbua, kwa sababu najua unavyokua mwembamba. Unakua mwembamba kwa kalamu nyekundu.

Kwaiyo hoja yangu ni hii. Vikundi vyetu tunavijenga kwa kazi na kuonekana, alafu tunavilinda kwa kuhesabu hela peke yake, na kwa kufanya hivyo tunawatoa nje watu walewale waliovijenga. Tulibadilisha katiba 2020, nitaeleza chini jinsi tulivyofanya na ugomvi uliotokea. Karibuni.

Kibogoyo_Tandika:

Mwalimu nakuheshimu lakini mimi neno mtaji hapo linanikwaza. Mtaji ni kitu unaweka upate faida. Sasa wewe ukienda kumzika mtoto wa jirani unaweka ili upate nini? Wazee wetu waliita ujirani, waliita utu, hawakuita mtaji. Tukishaanza kuita mtaji tutaanza kuhesabu nani kaja kwangu mara ngapi, tutakua wafanyabiashara wa misiba.

Mwalimu_Daftari:

Kaka umegusa pale ambapo ata wasomi wenyewe wanagombana. Ila naomba nikuulize, kwani wazee wetu hawakuhesabu? Bibi yangu alikua hajui kusoma lakini alikua anajua kwa kila nyumba deni la chumvi, deni la kuni, nani alimlimia akiwa na uzazi. Alikua anahesabu sana, ila alikua halipizi haraka. Mtu akikuletea sahani ya pilau hurudishi sahani tupu, na wala hurudishi siku hiyohiyo, ukirudisha palepale ni kama umesema tumemalizana sitaki tena mambo na wewe.

Yule Mfaransa Bourdieu ambaye ndo mmoja wa walioandika sana kuhusu mtaji huu miaka ya 80 alikua anasema kitu hicho, kwamba mahusiano hayakai yenyewe, yanataka kazi isiyoisha, kutembeleana, zawadi, muda, na muda huo ni gharama ata kama hauonekani kwenye risiti. Mimi neno mtaji silitumii kwa maana ya faida, nalitumia kwa sababu linanilazimisha kukubali kwamba yule mama alitoa kitu. Tukisema tu "ana utu" tunamsifia alafu tunamfuta kwenye daftari. Tukisema katoa mtaji itabidi tumuandikie.

Nshomile_wa_Muleba:

Mwalimu umefika mpaka nyumbani. Mimi mzaliwa wa Muleba, niko Mwanza kikazi. Nikueleze kitu kuhusu vyama vya kuzikana vya Kagera, kwetu mkono unahesabiwa kweli. Msiba ukitangazwa wamama wanakuja na ndizi, kuni na maji, wanaume wanachimba kaburi na kushughulikia miti na sehemu ya kukaa watu, alafu kuna mtu anasimama na orodha anaita majina. Usipoitika bila sababu faini. Na faini ile watu wanaiogopa zaidi kwa aibu yake kuliko kwa hela.

Lakini pia nikwambie jambo ambalo vijana hawalijui. Ukimwi wagonjwa wa kwanza kuripotiwa Tanzania walikua Kagera, 1983. Mimi nilikua mdogo miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90, kulikua na wiki mnazika mara mbili, mara tatu. Fikiria mtu anatakiwa alime, afanye kazi, na kila siku mbili yuko msibani na ndizi zake. Nakumbuka mama yangu aliwahi kukata mkungu ambao ulikua haujakomaa kwa sababu uliokomaa ulishaenda msiba wa juzi. Watu walipunguza siku za matanga, walipunguza chakula, wakakubaliana chai tu. Vyama havikufa. Vilipunguza mzigo ili visife. Kwaiyo hiyo ya kubadilisha katiba sio mpya, wazee walishaifanya kwenye hali mbaya kuliko hizi zetu, na watoto yatima wengi niliosoma nao walilelewa na majirani waliofahamiana na wazazi wao kwenye misiba hiyohiyo.

Mwalimu_Daftari:

Mkuu hapo kwenye mkungu ambao haujakomaa nimesimama kusoma. Asante sana. Vilipunguza mzigo ili visife, hiyo naenda kuisema kikaoni kwa maneno yako.

Graduate_Bila_Ajira:

Samahani kwa kuingilia mjadala wa wakubwa. Nina miaka 27, digrii ninayo tangu 2021, mtaa mzima wananijua, kila msiba nabeba viti, kila harusi mimi ndo mwangalizi wa jenereta. Watu wananipenda. Kazi sijapata. Wanaopata kazi ni wenye connection, watoto wa fulani. Sasa huu mtaji wa watu mnaousema mimi ninao kwa magunia, mbona haunivushi?

Mwalimu_Daftari:

Mdogo wangu swali lako ni la msingi na sitakupa maneno ya kukufariji tu.

Mtaji huu uko wa aina mbili. Kuna ule wa gundi, unaowashika pamoja watu wanaofanana, mtaa mmoja, kabila moja, msikiti mmoja, huo ndo unakuzika, unakulisha ukiumwa, unakulelea mtoto. Alafu kuna wa daraja, unaokufikisha kwa watu wa sehemu nyingine ambao maisha yao hayafanani na yako. Wewe unao wa kwanza mwingi, wa pili huna, na sio kosa lako, mitaa yetu mingi iko hivyo.

Kuna Mmarekani Mark Granovetter, 1973 alitoa matokeo ya watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua karibu na Boston, akawauliza huyo mtu mlikua mnaonana mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikua asilimia 16.7 tu. Waliosema mara mojamoja asilimia 55.6, na waliosema nadra sana, labda mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, asilimia 27.8. Yaani kazi zilitoka zaidi kwa watu wa mbali, wa kujuana kidogo tu, kuliko marafiki wa damu. Sababu yake sio kwamba marafiki hawakupendi. Rafiki yako wa kijiweni anajua taarifa zilezile unazozijua wewe, nafasi ikitangazwa mnaisikia siku moja. Yule mliyeonana mara moja msibani, mjomba wa marehemu aliyetoka Morogoro anafanya kazi bohari, anajua vitu ambavyo kijiwe chenu kizima hakivijui.

Sasa wewe uko kwenye kila msiba na kila harusi, mahali ambapo watu wa mitaa mingine wanakuja. Umebeba viti umeishia hapo. Unamjua jina yule fundi umeme aliyefunga mataa? Yule dada wa ukumbi? Mzee aliyetoka mkoani? Sisemi uwaombe kazi makaburini, hiyo haifai. Nasema ukutane nao, uwasalimie wiki inayofuata, uwe na namba yao na wao wajue unaweza nini. Na sisi wakubwa tunalo deni kwako hapa, maana umetubebea viti miaka minne na hakuna aliyekuuliza umesomea nini. Mimi nakuuliza, umesomea nini?

Graduate_Bila_Ajira:

Ununuzi na ugavi. Na mwalimu sikudanganyi, ni kweli hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama_Hisa:

Mimi naomba niseme upande ambao watu wanauficha. Niko VICOBA mwaka wa 11, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, tumekua pamoja tunajuana mpaka magonjwa ya ndani. Kikundi kizuri ni baraka. Lakini nimeona pia kikundi kinavyoweza kumvua mtu nguo. Mwenzetu mmoja alishindwa rejesho, wadhamini wake wakaenda kwake wakachukua tv na makochi, watoto wanaangalia, na waliokuja kubeba ni wanawake ambao walimfundisha mwanae madrasa na kumfunga mtandio kwenye kitchen party. Alihama mtaa. Sasa uyo alipoteza nini, makochi au watu wote aliowahi kuwajua? Kujuana kule kulikomfanya aaminiwe akopeshwe ndo kulekule kulikomdhalilisha.

Kingine, hii mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Mimi nimeona vikundi vinaundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka. Watu hawajuani, mmoja anatafutwa ili namba itimie, katiba inanakiliwa stationery. Hela ikiingia kila mtu na mgao wake, simu zinazimwa. Alafu watu wanasema wanawake hawarejeshi. Hapana jamani, sio wanawake. Pale hakukua na kikundi, kulikua na orodha ya majina. Sisi tulikaa miaka miwili tunaweka hisa za elfu moja moja kabla hatujakopeshana kitu cha maana, na miaka ile miwili ndo dhamana yetu, hakuna stationery inaiuza.

Mwalimu_Daftari:

Mama nakushukuru mno. Hapo kwenye orodha ya majina umenisaidia kusema kitu nilikua nakitafuta. Serikali inaona vikundi vinarejesha ikasema basi kila mtu awe kwenye kikundi, kama vile kikundi ni fomu. Wakati kikundi ni muda. Na hiyo ya makochi inaniumiza kwa sababu ni ndugu ya kalamu yangu nyekundu.

Wa_Nakuru:

Mwalimu hujambo, nakusoma kutoka Nakuru. Huku kwetu ni vyama na table banking, yaani kikundi kuchangishana mezani na kukopeshana palepale, kila mahali, na mtu akilazwa ama akifariki inafunguliwa group ya WhatsApp na namba ya kutuma pesa. Nataka kutetea simu kidogo kwa sababu naona umewasema sana wale wa kutuma. M-Pesa ilianza hapa 2007, na kuna watafiti, William Jack na Tavneet Suri, walifuatilia familia wakati wa shida kama ugonjwa ama mazao kuharibika. Familia zisizokuwa na M-Pesa matumizi yao yalishuka kama asilimia 7. Zenye M-Pesa hazikushuka. Sababu ni hiyo tu, pesa ilitoka kwa watu wao walio mbali na ikafika haraka. Mimi mwenyewe mama yangu alilazwa Kisii usiku wa manane nikiwa Nakuru, ningefika kesho yake mchana, lakini pesa ilifika kwa dakika mbili na akapelekwa theatre. Kwa hivyo aliye mbali anayetuma pia ni mkono, tafadhali usimkate.

Mwalimu_Daftari:

Sijambo ndugu yangu wa Nakuru, na umenirekebisha kwa haki. Pole kwa mama. Wewe ulikua mbali, ulituma kwa sababu usingeweza kufika. Ninaowalalamikia mimi ni walioko nyumba ya tatu kutoka msibani wanaotuma kwa sababu hawataki kukaa mkekani. Hela inafanana lakini ujumbe haufanani, na mfiwa anaujua. Ila kwenye katiba yetu mpya tumetenganisha, aliye nje ya mkoa akituma anaandikiwa kama aliyehudhuria.

Reading_UK:

Habari ya usiku. Niko Reading, Uingereza mwaka wa 14 sasa, watanzania hapa tupo wa kutosha na tuna umoja wetu, mtu akifariki tunachangishana kusafirisha mwili, na kwa kweli kwa hilo tuko vizuri, hela inapatikana ndani ya siku chache. Lakini nataka niwaambie mlioko nyumbani mnaoona hivi vikundi ni usumbufu. Mwaka juzi niliumwa siku sita ndani peke yangu, niko kwenye magroup manne ya WhatsApp, moja lina watu zaidi ya 200, hakuna aliyejua. Siku ya sita aliyegonga mlango ni mzee wa kizungu jirani ambaye huwa namtolea pipa la taka nje kila jumanne, aliona mapipa hayajatoka akapata wasiwasi. Nilifungua mlango nikalia.

Shirika la Afya Duniani 2025 walitoa ripoti wakasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Zamani ningesoma hiyo nikapita. Siku hizi nawapigia watu watatu kila jumapili, sio kwa group, kwa simu, mmoja mmoja, ata kama hatuna la kuongea.

Bima_Yangu_Inatosha:

Mimi sitaki kuwa mnafiki. Nina bima ya afya, nina bima ya mazishi, nimejenga, nimeweka fensi na sina shida na mtu. Vikundi hivi vimejaa majungu, umbea, viongozi kula hela. Nililipa ada sehemu moja miaka mitatu, mwenyekiti akahama na hela zote. Kwanini nirudi?

Mwalimu_Daftari:

Mkuu pole, na kuibiwa na mtu uliyemuamini kunaumiza kuliko kuibiwa na mwizi. Sitakulazimisha. Bima ni nzuri, ata mimi ninayo. Ila angalia bima inafanya kazi saa ngapi. Inafanya kazi baada ya karatasi. Mwaka jana nyumba ya nne kutoka kwangu, nyumba yenye fensi, kengele na kila kitu, baba kaanguka saa nane usiku. Mkewe hajui kuendesha, dereva wa kumuita kwa simu hapatikani. Aliyeruka ukuta ni kijana wa bodaboda ambaye yule baba aliwahi kumlipia faini, akafungua geti kwa ndani, akampigia mwenye bajaji, wakafika hospitali. Hospitalini bima ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini kutoka sebuleni mpaka hospitali hakukua na bima, kulikua na kijana.

Na kuhusu viongozi kula hela, usiingie kikundi ambacho daftari anashika mtu mmoja. Letu linasomwa kwa sauti kila kikao, na nakala ipo kwa watu wawili.

Mjumbe_Kiluvya:

Mwalimu uliahidi kueleza mlivyobadilisha katiba. Sisi tuna kikao jumapili hii na tuna wanachama saba wa kusimamishwa. Naomba utaratibu nikausome.

Mwalimu_Daftari:

Sawa mkuu, kabla ya jumapili soma hivi.

Kwanza tuliongeza safu mbili, ya kuhudhuria na ya kazi. Msiba ukiisha wamama wawili na wababa wawili wanakaa na mimi tunapitia majina, nani alipika, nani alichimba, nani aliteka maji, nani alilala na mfiwa. Siandiki mimi peke yangu kwa sababu mimi siko kila mahali, na kazi ya jikoni wanaume hawaioni, kazi ya makaburini wanawake hawaioni.

Pili, mwanachama mwenye deni anaweza kuliomba ligeuzwe kazi. Kazi za msiba mmoja kuanzia mwanzo mpaka matanga kuanuliwa zinafuta ada ya miezi miwili. Kuna kazi nyingine pia, kuosha majamvi, kushona viraka vya turubai, kuhesabu viti vikirudi. Hizi zamani tulikua tunamlipa kijana, sasa zinafanywa na wenye madeni na hela ya kijana imebaki kwenye mfuko.

Tatu, hakuna kumsimamisha mtu bila watu wawili kwenda kwake kukaa nae na kumuuliza. Barua peke yake hairuhusiwi. Hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Kwa hao saba wako nakuomba anza na hii, mnaweza kukuta wanne wana wagonjwa ndani na mmoja ameachwa na mume na ninyi hamjui.

Nne, msiba ukitokea vifaa vinatoka kwa kila nyumba ya mtaa, mwanachama na asiye mwanachama. Rambirambi ya kikundi ndo ya wanachama tu.

Ugomvi ulikuepo mkubwa. Kaya tatu zenye uwezo zilijitoa, zikasema zinalipia wavivu. Moja ilirudi baada ya mwaka, mbili hazijarudi mpaka leo. Mfuko ulipungua mwaka wa kwanza, sitakuficha, rambirambi tulishusha kutoka laki 5 hadi laki 4. Mwaka wa tatu ikarudi kwa sababu kaya mpya ziliingia, wengi ni wapangaji ambao zamani walikua wanaogopa kujiunga.

Mjumbe_Kiluvya:

Nimenakili yote. Swali la mwisho mwalimu, yule mama wa vitumbua alirudi?

Mwalimu_Daftari:

Nilienda kwake mara tatu. Mara ya kwanza na mwenyekiti, mara ya pili na wamama wawili, mara ya tatu peke yangu. Nilimuomba msamaha nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chake cha jikoni. Alinipa chai, akaniambia mwalimu mimi sina kinyongo na wewe lakini jina langu muache lilivyo, mimi nitakuja tu. Sikua na jibu.

Na kweli anakuja. Msiba wa mwezi uliopita amefika saa 11 alfajiri na kisu chake na khanga kiunoni, akakaa pale pembeni ya kuni anapokaga siku zote. Tulipokaa kupitia majina wamama wakamtaja wa kwanza. Nikawaambia hayumo kwenye orodha. Wakaniambia muandike. Sasa ukurasa wa mwisho wa daftari nimefungua sehemu yake peke yake, tarehe na kazi aliyofanya, haina ada haina deni. Ule mstari mwekundu wa 2019 bado upo, sijaufuta.